Jioni Buluu, Asubuhi Tofali

Mkojo ukichemshwa juu ya koroboi unanuka, nisikufiche, na harufu hiyo ndiyo utoto wangu. Wengine wakikumbuka kijiji chetu cha Akheri enzi za Mwingereza wanakumbuka maua ya kahawa. Nayo yalikuwepo, yananukia, na baba alikuwa na miche mingi kuliko jirani yetu, lakini naona nimeanza kupotea. Nasema mkojo wa mama. Mama alikuwa na kisukari, ugonjwa ambao mlimani kwetu watu waliuita wa Wazungu, na hospitali ya mjini walimpa sindano pamoja na dawa ya buluu ya kupimia. Unatia dawa kwenye kichupa kirefu, unadondosha mkojo, unachemsha. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka nyekundu kama tofali, sukari imejaa. Aliyepima ni baba, jioni na alfajiri, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na hakuamini mkono wa mtu mwingine.

Jioni buluu. Asubuhi tofali. Kila siku. Basi baba akapiga hesabu ya mtu mwenye akili zake: katikati hapo mama anakula. Akamnyima ndizi za jioni, akamwachia mboga ya mnafu, ya kuchemsha bila chumvi. Tofali. Akamnyima na mnafu. Tofali, tena lililoiva zaidi. “Mama Nasia,” alimwambia mbele yetu, ameinua kichupa dirishani, “hiki hakina mdomo wa kudanganya. Wewe unao.” Mama akajibu, “Baba Nasia, nimelala na njaa mpaka tumbo linanguruma.” Tulicheka. Nasia ni mimi, na nilicheka kuliko wadogo zangu. Majirani nao wakikutana na mama mferejini walimuuliza kama fungo wa kwake ameshiba, maana fungo ndiye mnyama anayeiba ndizi usiku.

Ndipo baba alipoanza kumwaga majivu mlangoni pa stoo ya ndizi kila jioni, na kazi yangu ikawa kuamka kabla ya wote, nitazame kama pana alama ya mguu. Baridi ya Meru mwezi wa saba siyo ya mchezo, na mimi sikuwa na sweta wala viatu. Hata shule niliishia darasa la pili, lakini hiyo tuiache. Asubuhi ya kwanza hakuna alama. Ya kumi hakuna. Kila nikisema hakuna, baba ananitazama kana kwamba na mimi nimehongwa. “Una macho kweli wewe?” Siku moja nikachoka. Nikachukua kiatu cha mama, katambuga ya tairi aliyovaa kutwa kwa sababu ya kidonda cha kidoleni kisichopona, nikakikandamiza kwenye majivu mara mbili, kuingia na kutoka. Kisha nikaenda kumwita baba. Nilidhani mama atagombezwa, mambo yataisha, na mimi nitalala mpaka jua litoke.

Mama aliitazama ile alama, akatazama vidole vyangu vilivyokuwa vyeupe kwa majivu. “Nenda kanawe, mwanangu,” akasema. Basi.

Kwetu Walutheri mtu akikosa anawekwa chini ya marudi: hapokei Chakula cha Bwana mpaka asimame mbele ya usharika atubu. Jumapili mama akasimama, mwembamba kama fimbo, akasema, “Nimekula ndizi kwa siri, na nimesema uongo.” Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona, “Mbivu au za kuchoma?” na benchi zima likatikisika kwa kicheko. Kesho yake alfajiri baba akachemsha. Tofali. Akasema huyu hata Mungu amemdanganya, na wazee wenzake wa kanisa wakaikataa toba ya mama. Baba akamrudisha kwa kaka zake kule Olmotonyi, sindano akabaki nazo yeye, eti dawa haipewi mwizi. Mama hakumaliza wiki tatu. Alizikwa akiwa bado ametengwa, bila kengele wala mchungaji.

Leo na mimi ninacho, kisukari hicho hicho. Nakaa Engutoto kwa mjukuu wangu, nina mashine ya kutoboa kidole. Majuzi sukari yangu ya asubuhi ikapanda: nalala na nane, naamka na kumi na tano, na sijatia kitu mdomoni. Mjukuu akaniuliza, “Bibi, sema ukweli, umekula nini?” Nikachukua daftari langu la vipimo, nikaenda kliniki. Huko muuguzi mmoja, binti mdogo kabisa, akaniamkia shikamoo, akalipitia daftari, akasema, “Bibi, hujakosa kitu. Alfajiri mwili wenyewe unaamka, ini linamwaga sukari hata kama hujala. Kushinda njaa hakusaidii. Daktari atakurekebishia sindano ya jioni.” Nikamwomba aseme tena. Akasema tena, akitabasamu. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha kile kichupa.

Mchungaji wetu wa sasa ni kijana mpole, hatengi watu kwa ajili ya ndizi. Sijamwambia. Najua atanishika mkono, ataniambia nilikuwa mtoto, nimesamehewa, na hapo nitakuwa sijafika hata kwenye habari ya majivu. Mama yangu alitubu kosa ambalo hakulifanya, na hakusamehewa. Mimi nitasamehewa kabla sijamaliza kusema. Siendi.