Bwana Harusi wa Kwenye Kioo

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumatatu, alikufa yule mwenye chumba cha michezo cha karibu na soko la Baraka. Alikufa kwa homa, kitandani kwake, shuka safi, mama yake akimpepea. Nayataja hayo kwa sababu siku hizi watu wa huku hawafi hivyo mara nyingi. Wengine wamekutwa njiani, wengine mashambani walikokwenda kung'oa muhogo, na hakuna aliyewapepea. Yeye alipata kifo cha starehe, na juu yake akapata sifa. Tangu siku hiyo naambiwa kila ninapopita kwamba tumempoteza mtu mwema, mtu wa haki, mtu ambaye siku zote alichagua vizuri. Ninyi mnaosoma ukurasa huu kila Ijumaa kwenye ubao wa karibu na ofisi ya prefe, mkuu wa shule yetu, mnajua kwamba mimi si mtu wa kubishana. Darasani nikiulizwa swali najibu nikiitazama meza. Lakini kwenye karatasi siogopi, na hii habari ya wema wake nimechoka kuisikia.

Kwa asiyekijua chumba chake, kilikuwa cha mabati, mabenchi manne, kompyuta moja juu ya meza, betri ya gari chini yake na paneli ya jua juu ya paa. Vijana walikuja alasiri, jua likiwa bado na nguvu, kumtazama akicheza. Hakucheza mpira kama wanavyocheza wengine. Mchezo wake ulikuwa hadithi ndefu ya nchi isiyokuwapo, yenye wachawi na majoka, ambamo wewe ni shujaa unayesafiri na wenzako. Kila baada ya mwendo mtu anakusimamisha na kukuletea shida yake, chini yanatokea majibu matatu, nawe unachagua moja. Ukijibu vizuri watu wa nchi ile wanakupenda, ukijibu vibaya wanakuchukia. Maneno yote yalikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa chake yeye kiliishia kwenye salamu. Ndiyo maana alinichukua mimi. Nilikaa mbele kabisa, mgongo kwa watu, nikasoma majibu na kuyageuza kuwa Kiswahili, na kwa kazi hiyo niliingia bure. Kwa kuwa sikuziona nyuso za watu, sauti yangu ilitoka.

Haikunichukua siku mbili kugundua kwamba jibu la wema lilikuwa daima la juu. La kati lilidai malipo, la chini lilikuwa la mtu mshenzi. Mtu amefungwa mtini: mfungue, mfungue akulipe, mwache afe. Mtoto wa chekechea angejua pa kubonyeza. Lakini yeye alisimama, akashika kidevu, akavuta pumzi, chumba kizima kikanyamaza, kisha akabonyeza la juu na kuwageukia watu kama mtu aliyetoa figo yake. Na kabla ya kubonyeza alikuwa ameshauhifadhi mchezo mahali pale, ili mambo yakiharibika arudi nyuma aanze upya. Siku moja wema ulimgharimu: wanakijiji aliowaokoa walimwibia farasi. Akarudi nyuma, akakiacha kijiji kiungue, akapita njia nyingine na farasi wake. Kesho yake mtu alipouliza habari za kijiji kile, alisema hakumbuki kijiji chochote.

Kati ya wenzake wa safari alikuwapo mwanamke mpiga upinde, mwenye masikio marefu yaliyochongoka. Chumba kizima kilimwita Wa Masikio. Mchezo ule una utaratibu wake wa mapenzi. Unampa mwenzako zawadi anazozipenda, unakubaliana naye anapokasirika, na siku moja kando ya jibu la juu kinatokea kialama cha moyo. Ukikibonyeza, ni wako. Yeye alitoa bangili, kitabu cha nyimbo na ua jeupe, basi, moyo ukatokea. Vijana wakapiga makofi. Lakini mama mmoja muuza mandazi, aliyezoea kukaa mlangoni, aliweka sinia chini.

"Weye papa, ngoja kwanza," akasema. "Unataka kulala na mutoto ya bantu, na baba yake haujamuona?"

"Mama, hii ni mchezo."

"Mchezo iko na wewe. Huyu binti iko na wazazi. Bajomba yake iko wapi?"

Mahali pengine watu wangecheka. Pale walikubaliana naye, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikaonekana kama kweli kuna ukoo mahali fulani unadharauliwa. Bwana yule akasimama mbele ya watu wote akasema yeye si jambazi, atakwenda kwa wazazi wa mwanamke. Na alikwenda. Siku nne alizunguka milima ya mchezo ule, akiingia nyumba hata nyumba, akiua mbwa mwitu njiani, akimtafuta baba wa mwanamke ambaye waliomtengeneza hawakuona haja ya kumpa baba. Siku ya nne tulimkuta mzee mwenye masikio ya namna ile akiuza mishale kando ya daraja. Chumba kikaamua ndiye. Shujaa wetu akamwaga miguuni pa mzee kila alichokuwa nacho: ngao, ngozi, chupa za asali, panga mbili. Mzee akatamka sentensi yake, ile ile aliyomwambia kila mpita njia.

"Anasema nini?" wakaniuliza.

Nikasoma kama ilivyo. "Anasema leo mvua itanyesha."

Yakazuka mabishano marefu. Mmoja alisema huko ni kukataa kwa adabu. Mwingine alisema mzee anadai mwavuli uongezwe kwenye mahari. Mama wa mandazi ndiye aliyekata shauri: mtu asiyekutaka hakuonyi habari za mvua, anakuacha ulowe. Kwa hiyo amekubali. Moyo ukabonyezwa, watu wakampa mkono, na kwa muda mrefu sokoni aliitwa bwana harusi. Nitasema ukweli, siku ile hata mimi nilimwamini. Nilikwenda nyumbani nikaandika kwenye daftari langu kwamba nimemwona mwanamume mwenye heshima.

Wakati huohuo dada yangu alikuwa na mimba ya bwana harusi huyohuyo. Dada yangu mkubwa anakaa Mboko na wazazi wetu, mimi niko Baraka kwa mama mdogo kwa ajili ya shule. Alikuwa akija kuuza dagaa, na akimaliza alipitia chumbani kunichukua. Bwana harusi alimpa kitenge, kisha kandambili, kisha simu kuukuu. Zawadi tatu, kama alivyozoea. Mimba ilipojulikana dada alirudi Mboko, na yule bwana akaniambia mwenyewe, siku moja tukingoja kompyuta iwake.

"Ile mimba ya dada yako ni yangu. Nitaenda kwenu, njia ikifunguka. Kwa sasa usiseme kwa muntu."

Sikusema. Kama mnataka kumdharau mtu wa pili katika habari hii, huyu hapa, anawaandikia. Nilikuwa na nafasi yangu ya mbele na sauti yangu ya kuazima, na sikutaka kuvipoteza.

Dada alimwambia baba kwamba mkwe atakuja Jumapili. Baba akaazima viti sita kanisani akavipanga uani. Jumapili ya kwanza mkwe hakuja kwa sababu njia imefungwa, na kweli ilikuwa imefungwa, risasi zilisikika mpaka Lweba. Jumapili ya pili njia ilikuwa wazi, yeye akatuma neno kwamba imefungwa. Viti vikarudishwa, vikaazimwa tena, vikarudishwa, mpaka mtunza kanisa akamwambia baba akae navyo tu. Nyumba yetu iko kandokando ya barabara itokayo Baraka kwenda Uvira. Mwezi wa saba dada alikuwa amekaa mbele ya nyumba akimenya muhogo, tumbo limeshakuwa kubwa, akaona pikipiki inapita kuelekea Uvira na bwana harusi amekaa nyuma. Baada ya siku mbili ikarudi, naye amekumbatia betri mpya mapajani kama mtoto mchanga. Hakugeuza shingo. Betri ya zamani ilikuwa imechoka, na Wa Masikio alikuwa anangoja.

Watu wazima hupenda kusema vita vimeharibu desturi zetu. Mimi sijafika umri wa kujua desturi zilivyokuwa kabla, lakini hili nimeliona: vita vimewapa watu wa hapa jibu la nne. Asiyetaka kulipa mahari, asiyetaka kumzika ndugu yake, mwalimu asiyetaka kurudi kufundisha, wote wana sentensi moja, njia imefungwa. Na siku ambazo imefungwa kwelikweli, bamama wauza chumvi wanapita ziwani kwa mitumbwi, motari wa pikipiki anapita na mgonjwa amefungwa mgongoni kwa kitenge, na vijana wanashuka na ng'ombe kutoka Minembwe kwa miguu. Wanaoogopa zaidi kufungwa kwa njia ndio ambao hawakuwa na mpango wa safari.

Sasa nije kwenye kilio cha bwana harusi. Chini ya turubai vijana wa chumbani waliinuka mmoja mmoja kumsema marehemu. Alimfungua mtu aliyefungwa mtini bila kudai kitu. Aligawa mkate wake wa mwisho kwa yatima. Alitembea milimani siku nne kutafuta wazazi wa mchumba wake. Mchungaji, ambaye hakuwahi kuingia katika chumba kile, aliuliza taratibu kama hayo ni kweli. "Tulimuonaka na macho yetu, pasta," wakajibu, na hawakudanganya. Mchungaji akayaweka yote katika mahubiri. Nilimtazama mama wa mandazi. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, na sidhani alikuwa akilia.

Hapo ndipo dada alipofika kutoka Mboko, baba mbele, kofia mkononi, mtoto mgongoni mwa dada. Mtoto ana meno mawili na paji la uso la marehemu. Baba alieleza kwa maneno machache. Mjomba wa marehemu akasema kwamba marehemu hakuacha neno lolote juu ya mtoto, na kila mwanamume akifa batoto wanatokea wengi. Kila aliyekaa pale alijua maana yake. Mtoto akikataliwa kwenye kilio cha baba yake, hakuna siku nyingine itakayokuja ya kumpokea; atakua akiitwa mtoto wa njiani mpaka awe mzee. Mama wa marehemu, aliyekuwa amekaa mkekani na wanawake wa ukoo, akainua uso.

"Nani alimusikia na kinywa yake?" akauliza.

Nilikuwa nimekaa na wanafunzi. Nilijua nikitazama watu sitatoa neno. Basi nikasimama, nikawapa mgongo, nikalitazama turubai, nikaisoma sentensi ile kama nilivyosoma zote. Ile mimba ya dada yako ni yangu. Nitaenda kwenu, njia ikifunguka. Kwa sasa usiseme kwa muntu.

"Ulijua tangu lini, mutoto yangu?" mama akauliza nyuma yangu.

"Tangu Pasaka ya mwaka jana, mama."

"Na ulinyamaza sababu ya nini?"

"Nilikuwa naingia bure."

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliwageukia motari waliosimama kando na pikipiki zao, akawauliza njia ya Mboko ilifunguka lini. Mmoja akakuna kichwa. "Mara mingi, mama. Mi mwenyewe nilimupitishaka pale, kwenda na kurudi, alienda kutafuta betri." Mama akasogea mkekani, akawasukuma wenzake kwa kiwiko mpaka nafasi ikapatikana. "Mukwe, kuya ukae," akasema. "Leta huyo mutoto."

Jumamosi iliyopita mama huyo, ambaye goti lake halikunjiki, alipanda pikipiki na mbuzi amefungwa nyuma, akanichukua na mimi kwenye pikipiki ya pili. Tulikuta vizuizi vitatu. Katika kila kimoja askari waliuliza mzee kama yeye anakwenda wapi wakati huu, naye akajibu bila kupepesa macho kwamba anakwenda kwa bakwe zake kwa sababu kijana wake alisahau kushuka. Mboko aliteremka, akakaa kwenye kiti cha kwanza kati ya vile sita vya kanisa, akapumua. "Bakwe," akasema, "tumechelewa." Baba alikuwa ameandaa maneno ya hasira tangu mwaka jana. Yote aliyasahau, akaenda kumfungua mbuzi kwenye pikipiki. Safari nzima, toka Baraka mpaka kwenye kiti, ilichukua asubuhi moja.

Vijana wamekifungua tena kile chumba. Wanasema Wa Masikio bado amesimama kando ya hema, pale marehemu alipouhifadhi mchezo mara ya mwisho, na wanataka nikawasomee. Nimewaambia wajifunze Kifaransa wenyewe, au wabonyeze tu lile jibu la juu. Na kwenu wasichana wa darasa langu, ambao naona mmeanza kupewa kandambili, nina neno moja. Wema wa mtu anayeweza kurudi nyuma na kuanza upya haunihusu tena, hata akizunguka milima ya dunia nzima. Ngojeni njia ifunguke, mkae mbele ya nyumba na muhogo wenu, mtazame kama pikipiki inasimama.