Nilivyomjibu Mtu wa Bima ya Kliniki

Binti yangu ni daktari wa meno. Kliniki yake iko Kware, orofa ya kwanza ya ploti ya kupangisha ya ghorofa nane. Ana vyumba viwili, kimoja cha kungojea na kimoja cha kiti. Kiti chenyewe si cha kukalia ukinywa chai. Ni cha umeme, kinapanda na kushuka, kina taa yake na mifereji yake ya maji, na alikichukua kwa mkopo ambao bado anaulipa. Kikifa, kliniki imefungwa. Ndiyo maana tukaanza kutafuta bima.

Kazi ya kuketi na watu wa bima akanipa mimi, maana yeye mchana kutwa mikono iko midomoni mwa watu. Nikamkumbusha kwamba mimi shule niliachia darasa la tatu. Akasema, "Baba, wewe wasikilize tu na uwajibu. Kabla ya kuweka sahihi nitasoma mwenyewe."

Walikuja watatu. Hao watu, sijui ni nani aliwafunza kuongea. Swali moja unajibiwa kwa karatasi sita. Wa kwanza aliniambia tuchukue bima ya dhima. Nikamuuliza hiyo dhima ni mnyama gani. Akasema ni ile ya mgonjwa akimshtaki daktari. Nilicheka mpaka akafunga mkoba. Jino langu la kwanza lilitolewa Majengo na mzee aliyekuwa akishona viatu. Akatoa la jirani kwa makosa, nikarudi kesho yake akatoa lenyewe, na nikamshukuru siku zote mbili. Ningemshtaki wapi? Lakini binti yangu alisema siku hizi watu wanashtaki, na hiyo bima atachukua. Shida ilikuwa kwa kiti.

Yule wa tatu alikuwa ndugu wa kanisani kwetu. Alipoingia tuliomba kwanza, halafu chai, halafu akatoa fomu. Mlango ni wa chuma? Ni wa chuma. Kuna mtungi wa kuzima moto? Huo hapo. Kisha akauliza, "Mzee, biashara imewahi kupata hasara yoyote? Moto, wizi, maji?"

"La, ndugu yangu. Mungu ametutunza."

"Amina," akasema, akaandika hapana.

Sasa wacha nieleze, kwa sababu binti yangu aliniita jina ambalo sikulipenda. Mimi nililelewa hivi: mgeni akiuliza habari, unamwambia ni njema, hata kama asubuhi ng'ombe amekufa. Mabaya anayasikia baadaye, akishashiba, na pole pole. Huyu alikuwa ndio tu ameombea chumba kile. Ningeanzaje kumwambia kwamba kwenye mvua ya masika bomba la jikoni la mpangaji wa juu lilipasuka, maji yakashukia kiti, mota ikaungua, tukafunga wiki mbili?

Kesho yake mgonjwa mmoja hakutokea, binti yangu akapata nafasi ya kusoma fomu.

"Baba, hapa kwa hasara umesema hapana."

"Nilisema tuko salama."

"Na yale maji?"

"Yalikauka."

Akavua glavu, moja, halafu ya pili. "Baba, maji yakirudi watatuma mtu. Atamuuliza fundi aliyebadilisha mota. Atamuuliza mlinzi wa ploti. Wakijua tulidanganya hawalipi hata shilingi, na mimi naendelea kulipia kiti kilichokufa."

"Tulidanganya! Mimi ni mwongo leo?"

"Mpigie simu, Baba."

Nilikasirika sana. Umri huu wote sijaitwa mwongo, nije niitwe kwa sababu ya fomu! Lakini nilipiga. Ndugu akarudi, safari hii bila maombi.

"Mzee wangu, si uliniambia Mungu amewatunza?"

"Na ametutunza. Lakini maji yalishuka."

"Sasa hii fomu nitaipeleka wapi?"

Akaandika nyingine huku akipumua kama anayebeba gunia. Baada ya siku chache kampuni ikatuma mkaguzi. Alitazama dari, akaona lile doa, akasema moto wataubeba, wizi wataubeba, lakini maji hapana, maadamu kiti kiko chini ya bomba lile. Mwenye ploti tulipompigia simu hapo hapo abadilishe bomba, akasema wiki ijayo. Wiki yake ijayo naijua, haifiki.

Hapo ndipo nikasema kitu ambacho ningesema mapema. Nilifanya kazi ya mabomba ya kaunsili ya mji miaka mingi, na ploti kama hizi nazisoma kwa kuangalia ukuta. Juu ya chumba cha kiti kuna jikoni. Juu ya chumba cha kungojea kuna chumba cha kulala, hakuna bomba hata moja.

"Hamisheni kiti," nikasema.

Binti yangu akanigeukia. "Na hilo ulikuwa unajua tangu lini?"

"Tangu siku uliyokodisha."

"Na mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi."

Mkaguzi alijifanya anaandika.

Kuhamisha kiti kulitumaliza. Kimefungwa sakafuni kwa nati, kina mfereji wa maji safi na wa maji machafu, sakafu ikapasuliwa, kliniki ikafungwa siku nne, wagonjwa wakagonga mlango wakiwa wameshika mashavu. Lakini mkaguzi alirudi, akatazama dari ya chumba kile kingine, na maji yakaingia kwenye bima. Binti yangu akasoma ukurasa kwa ukurasa, akaweka sahihi.

Wanaongojea sasa wanakaa chini ya bomba, pamoja na mimi. Nimeweka karai kando ya benchi. Mgonjwa akiuliza ni la nini, namweleza yote, bomba lilivyopasuka, ni mpangaji yupi, maji yalivyofika kwenye mota. Juzi nilikuwa katikati ya maelezo, mama mmoja akawa ameanza kuchukua mkoba wake, binti yangu akafungua mlango.

"Baba," akasema, "huyo si mtu wa bima."