Waya Niliouunganisha Ijumaa

Moraa mwanangu, picha ulizonitumia kwa simu nimezitazama hadi macho yakaniuma. Ndege yako imeshika umbo. Mabawa yamenyooka, na mabomba umeyachomelea vizuri kuliko tulivyochomelea sisi. Halafu ukaniuliza kwa wepesi, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Shangazi, mizunguko ya injini niipime kwa njia gani?" Ilibidi niketi. Nilikumbuka Ijumaa moja kule kwetu Nyansiongo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa fundi wa umeme wa magari mjini Kisii, mwanamke pekee katika gereji ile, na majivuno yangu hayakuwa madogo. Baba yako Osoro, mdogo wangu, alikuwa bado hajaoa. Alikuwa amejifunza kurusha ndege Nairobi, akarudi nyumbani kujenga yake ya kiti kimoja ndani ya banda la ng'ombe la babu yako. Mimi nilishika nyaya. Jirani yetu Mzee Nyamweya, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai, alitusimamia wote wawili, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Kilichobaki kilikuwa kipimo cha mizunguko. Wewe unajua, rubani asipojua injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, hajui kama ina nguvu ya kumwinua. Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kubandika sumaku ndogo kwenye gurudumu la injini, na kufunga kihisi kando yake kihesabu kila sumaku inapopita. Hakigusi chochote. Ila kilihitaji kishikizo cha chuma, kikatwe, kitobolewe, kipimwe sawasawa. Hiyo ilikuwa kazi ya nusu siku.

Njia ya pili ilikuwa kuunganisha kipimo kwenye waya wa kuzima injini. Waya huo unatoka kwenye magneto, kile kifaa kinachozipa plagi cheche. Waya wenyewe ukigusa chuma cha ndege, cheche zinakatika na injini inazimika, na swichi ya kuzimia inafanya hivyo hivyo. Lakini waya huo pia unabeba mapigo ya cheche, kwa hiyo kipimo kinaweza kuyahesabu. Hiyo ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Mzee Nyamweya alisema tutumie sumaku, na sote tukakubali. Basi ikafika Ijumaa alasiri na kishikizo nikawa nimekikata vibaya. Unaijua nyumba yetu. Jua likizama Sabato imeingia, bibi yako anasimama mlangoni, na hakuna anayethubutu kushika spana hadi kesho jioni. Na Jumapili asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimealikwa kuitazama ndege. Nikalitazama jua, nikakitazama kile kishikizo, nikachukua waya. Niliufunga kwenye ule wa kuzima injini, nikaupitisha kwenye tundu la bati linalotenga injini na kiti, nikauunganisha na kipimo upande wa pili, nikafunika injini na kwenda kuoga. Hata mpira wa kuukinga waya kwenye lile tundu sikuweka. Fundi mzima, mwanangu!

Siku iliyofuata kanisani, Mzee Nyamweya alikuwa benchi la mbele yangu. Osoro aliimba kwaya, akiwa na furaha usoni hadi akasahau maneno ya wimbo. Mchana tulikula pamoja. Nilikuwa na siku nzima ya kuwaambia. Nikajisemea kwamba Jumatatu nitabadilisha kimya kimya na hakuna atakayejua.

Jumapili ilipofika, mpango ulikuwa kukimbia ardhini tu, kwenye lile shamba refu la malisho. Mwisho wake kulikuwa na ua wa seng'enge, na nyuma ya ua ardhi inaporomoka hadi kwenye chai ya bondeni. Mara ya kwanza ilikwenda vizuri. Mara ya pili pia, na Osoro akanionyesha dole gumba kwa sababu mshale wa kipimo ulikuwa umetulia. Nilijisikia malkia. Mara ya tatu magurudumu yakaachana na nyasi. Watu wakapiga vigelegele. Ndege ikafika urefu wa paa la nyumba, na hapo injini ikazimika. Haikukohoa, haikuonya mtu. Ilikatika tu, kama redio iliyong'olewa kwenye umeme.

Nilisikia upepo ukipita kwenye mabawa, kisha nikasikia mama akiita jina la Osoro. Ndege ilianguka kwa magurudumu, mguu wa gurudumu moja ukakunjika, ikaburuzika na kusimama karibu kabisa na seng'enge. Osoro alitoka akiwa amevunjika mkono. Kama injini ingemshikilia kidogo tu zaidi ya pale, angekuwa juu ya bonde.

Jumatano tuliifunga ndege kwenye nguzo tukaiwasha. Ikanguruma bila kasoro. Hapo watu wakaanza kusema kijana aliogopa akapunguza mafuta mwenyewe. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema pia.

"Ulipunguza mafuta, Osoro. Uliogopa."

Baba yako aliutazama mkono wake uliofungwa kwa kitambaa. "Labda," akasema. "Sikumbuki vizuri."

Nikamwacha aamini hivyo. Nina aibu nyingi maishani, lakini hii ndiyo kubwa.

Mzee Nyamweya aliinama karibu na injini. Aliokota kijiti kikavu, na injini ikiendelea kunguruma akaanza kusukuma nyaya polepole, mmoja baada ya mwingine. Alipogusa waya wangu, injini ikazimika. Tukaiwasha tena. Akaugusa tena, ikazimika tena.

"Hii waya ni nani aliweka?"

"Ni mimi."

"Si tulisema sumaku?"

"Jua lilikuwa linazama, tata," nikamjibu, nikimwita baba kwa lugha ya kwetu. "Sabato ilikuwa inaingia."

"Sabato ilikukataza kazi," akasema bila kupandisha sauti. "Ilikukataza na kuongea?"

Akauvuta waya kutoka kwenye tundu akatuonyesha. Ukingo wa bati ulikuwa umekula plastiki yote, shaba iko wazi, ikitikiswa inagusa bati. Osoro aliitazama ile shaba, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe sikuogopa," akasema, na akaanza kulia.

Basi mwanangu, jibu lako ni hili. Tumia sumaku na kihisi, hata kama kishikizo kitakula siku mbili. Usiulize tu njia gani inahesabu vizuri mambo yakiwa sawa. Uliza itafanya nini ikiharibika. Kihisi kikifa, mshale unarudi sifuri na unabaki na injini yako. Waya wangu ulipoharibika ulikwenda na injini nzima. Ikikulazimu kabisa kutumia waya ule, funga rezista, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme, palepale kwenye magneto, ili waya ukichubuka mbele yake cheche zisife, na kila tundu liwe na mpira. Kisha hakikisha kipimo kinajua kila mzunguko una mapigo mangapi, la sivyo kitakudanganya.

Hayo ni ya nyaya. La mtu ni hili: ukifupisha kazi, sema. Wageni wakikuta hamko tayari watanung'unika, wataenda nyumbani, na wiki ijayo watarudi. Na kabla hujapanda kwenye kile kiti, waite wote waliokusaidia uwaulize ni nani amebadilisha kitu bila kusema. Halafu nyamaza usubiri, usiwaharakishe. Mimi ningeulizwa hivyo Jumapili ile, ningesema. Nadhani ningesema.

Mungu aibariki mikono yako, Moraa. Akupe watu wasiokuficha kitu. Injini yako ikibidi izimike, izimike ukiwa bado ardhini, na baba yako akuone ukishuka kwa miguu yako mwenyewe.