Mwisho Uko Kawangware

Maikrofoni ya ukumbi wa video wa Wafula ilinuka omena. Haikuanza hivyo. Ilipokuwa mkononi mwa baba yangu ilinuka sigara na peremende za mnanaa, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kujipenda na hakutaka mtu amsogelee akakuta mdomo wake una la kusema kabla yake. Lakini msimu ule wa mvua ndefu, nikiwa darasa la nne, baba alihamia Kawangware, mama akaishika ile maikrofoni, na harufu ya samaki wale wadogo wa ziwani ikaingia kwenye sponji yake isitoke tena. Mama aliuza omena mbele ya chumba chetu pale Kisumu Ndogo, Kibera. Kabla ya kwenda ukumbini alinawa kwa sabuni, akasugua vidole kwa ndimu, akajinusa, akasonya. Omena haina adabu, hukufuata hata kanisani. Mpaka leo nikipita penye sinia la omena moyo hunienda mbio, kama mtu aliyekaa benchini akingoja picha ianze.

Ukumbi wenyewe ulikuwa kibanda cha mabati chenye mabenchi, televisheni yenye mgongo mkubwa na spika mbili zilizokohoa kila mvua iliponyesha. Watu hawakuja kutazama tu, walikuja kusikiliza. Filamu zilikuwa za lugha za mbali, kwa hiyo palihitajika mtu wa kusimama kando ya televisheni, apunguze sauti ya wenyewe na aweke yake, aseme kila mhusika anasema nini, amtanie huyu, amwonee huruma yule. Kazi hiyo ilikuwa ya baba. Watu walimwita Ticha ingawa hakuwahi kushika chaki, kwa sababu mtazamaji akipiga kelele alimtoa nje kama mwanafunzi. Sikujua mtoto mwingine Kibera ambaye baba yake angeweza kuwafanya watu wazima wanyamaze. Basi ukumbi mpya wa Kawangware ulipomwita, wenye kioo kikubwa na viti vya plastiki, alikunja shati zake akamwambia mama, "Nikipata nyumba nitawaita." Tuliketi tukingoja kuitwa. Mwezi ukaisha. Kisha vijana wa mjengo, waliokwenda upande ule kila asubuhi kutafuta kibarua, wakaleta habari kwamba Ticha amepata nyumba kitambo huko Gatina, ndani ya Kawangware, na ndani yake kuna mwanamke.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichambua omena mchana kutwa, akitoa mawe na vijiti, na akimaliza alianza upya rundo lile lile. Majirani walikuja kumwambia kwamba mvumilivu hula mbivu, naye akawapimia omena na kuwarudishia chenji. Mimi ndiye sikutulia. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Kila nilipomsikia mwanamume akikohoa nje niliinuka. Nilimtaka baba yangu arudi, na sikutaka kitu kingine chochote duniani, wala sikuona ni kwa nini watu wazima walizungumzia subira kana kwamba ni chakula.

Wafula, mwenye ukumbi, Mluhya mpole aliyewahi kuwa fundi cherehani, alikuwa na shida yake. Hakuwa na msimulizi na mabenchi yalikuwa yakipata ukungu. Alichokuwa nacho ni boksi la CD ambalo mkewe, aliyefanya kazi za nyumbani kwa familia ya Wahindi, alipewa wakati familia hiyo ilipohama. Zilikuwa filamu kuukuu, nyeusi na nyeupe, na maandishi ya mviringo kwenye makasha yake yalionekana kama maharagwe yaliyomwagika. Mke wa Wafula ndiye aliyetuambia lugha hiyo inaitwa Kitelugu na ni ya kusini mwa India. Hakuna aliyeitaka. Hazikuwa na bunduki. Mfalme akitaka kupigana alisimama kwanza akaimba ubeti mrefu usiokuwa na mwisho, na adui yake, kwa heshima, alimngoja amalize. Miungu ilishuka kwenye mawingu ya karatasi. Kamera ilikaa mahali pamoja kama mtu aliyelipa kiingilio na hataki kupoteza kiti chake.

Siku moja mama alikwenda kumpelekea Wafula omena zake, akakuta picha moja inacheza mbele ya mabenchi matupu. Alisimama na beseni kichwani akatazama. Malkia alikuwa ameketi kando ya taa, anaimba. "Huyu anamngoja mtu," mama alisema. Wafula akamuuliza amejuaje. "Wewe angalia mikono. Amekunja nguo, amekunjua, amekunja tena." Wafula, ambaye njaa ya kazi ilikuwa imemfundisha kutochagua, akampa maikrofoni papo hapo.

Mama aliweka sharti moja. Kwetu, upande wa ziwani, hadithi haisimuliwi mchana. Nyanya alituonya kwamba anayesimulia mchana watoto wake hudumaa, nami nilikuwa mfupi tayari. Lakini ukumbi ulipata pesa zake mchana, kwa hiyo mama akaamuru kila dirisha lifunikwe gunia, kila tundu la msumari kwenye bati lizibwe kwa karatasi, na mlango ukishafungwa hakuna kuufungua. Alipohakikisha hatuoni hata pua zetu alisema, "Sasa ni usiku," ndipo akaanza. Na kama hadithi za nyanya, aliyeianza ndiye tu angeweza kuifunga, kwa neno moja, "Tinda." Mpaka lisemwe, hadithi bado inatembea na wasikilizaji hawajaachiliwa.

Filamu aliyoichagua ilikuwa ya CD tatu. Mama alimpa malkia jina Mikayi, ambalo kwa Kijaluo ni mke wa kwanza, mwenye nyumba. Mfalme alimwita Bwana Mkubwa. Bwana Mkubwa anavuka mto kwenda vitani, anashinda vita, halafu badala ya kurudi anabaki ng'ambo katika jumba la mcheza ngoma mwenye njuga miguuni. Hayo yalionekana wazi. Maneno ndiyo yaliyokuwa ya mama. Malkia alipoimba ubeti wake mrefu, mama hakutafsiri, angetafsiri nini? Alisubiri sauti ipande, ikifika juu akasema kwa upole, "Sukari imeisha. Mtoto anauliza babake ako wapi. Nimemwambia ako kazini." Wanawake waliguna gizani. Mwanamume mmoja akauliza kwa sauti, "Mama Atieno, huo mto anavuka ni gani? Si ni ule wa kwenda Kawangware?" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na mama akacheka pia, lakini mimi Atieno mwenyewe nilitamani bati linifunike. Walipopenda kipande walipiga kelele, "Rudisha!" Wafula akarudisha, na mama akakisema tena kwa maneno mapya, makali zaidi.

Jumamosi baada ya Jumamosi ilikuwa CD ya kwanza na ya pili. Ya tatu haikuwekwa. Mabenchi yalijaa, watu wakasimama, na kila mara picha ilikatika pale pale, Mikayi mlangoni na vumbi la farasi likionekana mbali. Walilalamika, wakaapa hawatarudi, na wakarudi.

"Si uweke tu ya mwisho, mama," Wafula alimsihi. "Watu wanataka mwisho."

"Mwisho uko Kawangware," mama alisema.

Alijua alichokuwa akifanya. Vijana wa mjengo walibeba hadithi asubuhi wakaisimulia ng'ambo ya pili, jioni wakarudi na majibu. Ticha ameuliza Mikayi amefika wapi. Ticha amecheka pale pa sukari. Halafu, Ticha hakucheka. Nilikuwa nikiwakimbilia njiani kabla hawajaosha saruji miguuni, nikiwauliza alisema nini hasa, alikuwa amesimama au ameketi, na aliniuliza mimi? Wengine walinionea huruma wakasema ndiyo.

Akaja. Ilikuwa Jumamosi ya mvua kubwa, mabati yananguruma, mama akiwa bado anaziba tundu la mwisho. Baba aliingia kama mtu yeyote, akalipa kiingilio, Wafula akataka kukikataa, baba akakisukumiza mkononi mwake. Aliketi benchi la nyuma na mfuko mweusi magotini. Nilipouona ule mfuko nilishika mdomo nisipige kelele. Mfuko! Mtu hubeba mfuko akiwa anarudi. Nilimtazama mama nione kama ameuona. Uso wake haukuniambia kitu. "Wafula," alisema, "weka ya tatu."

Sijawahi kuona watu wakinyamaza vile. Bwana Mkubwa alishuka kwenye farasi, kilemba kimechakaa. Aliimba. Mama alimwacha aimbe mpaka mwisho bila kumwekea neno hata moja, na hilo lilikuwa jipya. Akapiga magoti. Malkia akamtazama kwa muda mrefu, filimbi ikaanza, akamwinua na kumkumbatia. Kila mtu alielewa hata bila lugha. Kina mama walianza kupiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshageuka kumtazama baba, ambaye alikuwa amefungua kifungo cha juu cha shati kama mtu aliyefika kwake. Maikrofoni ya mama ilikuwa bado chini.

"Rudisha!" mtu akapaaza sauti. "Mama Atieno, sema!"

Wafula akarudisha. Bwana Mkubwa akapiga magoti tena, akainuliwa tena, wakakumbatiana tena, na safari hii mama akaileta maikrofoni mdomoni.

"Mnaona vile amemshika?" alisema. "Anamuaga. Mikayi anasema, umekuja kunitembelea, karibu, chai iko. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na wewe hukuja kushika jembe."

Benchi la nyuma likalia. Baba akafungua mlango akatoka, mwanga wa mchana ukaingia na manyunyu ya mvua, tukaonana sote, macho yamesinyaa. Pale pale kwenye mwanga, bila kujali katazo la nyanya, mama akasema, "Tinda."

Nilimfuata baba mbio. Nilimkuta chini ya kibaraza cha kinyozi akijifuta maji usoni, na sikujua ni maji gani. Aliniwekea mkono kichwani akasema, "Rudi ndani, nyathina, mwanangu, kunanyesha," na akaondoka na mfuko wake akiruka madimbwi. Nilirudi kwa mama kwa hasira. Nilimchukia siku hiyo, nasema wazi. Nilimwambia picha haikusema hivyo, kila mtu ameona haikusema hivyo, na baba alikuja na mfuko!

"Niliuona," mama alisema, akizungusha waya wa maikrofoni. "Mfuko wenyewe ulikuwa mdogo."

Miaka imepita na mimi sasa naishi Gatina, ghorofa ya tatu, kwa kuandika maneno ya tamthilia za televisheni. Nasema maneno kwa sababu nilikuja kusoma kwamba katika filamu za kale za Kitelugu waandishi wengi walitoka kwenye michezo ya jukwaani, na aliyeandika mazungumzo alitajwa kuwa mwenye maneno, mbali na mwenye nyimbo. Nilipolisoma hilo nilimfikiria mama. Wakubwa wangu kazini wanataka mume na mke wapatane kabla ya matangazo. Nawapatanisha. Watazamaji wako kila mmoja na simu yake na vipokea sauti masikioni, wakichoka wanaruka mbele kwa kidole, na hakuna wa kupiga kelele kwamba rudisha. Nikiandika kumbatio lolote mkono wangu husita, nikajiuliza nani hapa anamuaga nani.

Baba naye yuko hapa Gatina bado, mtaa wa pili kutoka kwangu, peke yake. Yule mwanamke aliondoka zamani na ule ukumbi sasa ni kanisa. Mwaka jana niliipata ile filamu kwenye mtandao, ina tafsiri ya Kiingereza chini, nikampelekea na kompyuta yangu. Malkia, kumbe, anamwambia mfalme kwamba mlango haukuwahi kufungwa. Nilidhani baba angefurahi, au angekasirika na kudai haki yake iliyocheleweshwa. Alisogea, akasoma kidogo, akaniambia, "Toa hayo maandishi. Zima na sauti. Sema vile mamako alisema."

Nikasema. Sukari, mtoto, mto, yote yalikuwepo, halikupotea hata moja. Tulipofika kwenye kumbatio nilisita, na baba akamalizia mwenyewe, polepole, "Anamuaga." Akatazama kioo kilichokuwa kimeganda. Kisha akauliza, "Alisema tinda?"

"Alisema."

"Mimi sikusikia. Nilikuwa nimetoka." Akanigeukia. "Basi sema wewe."

Kufunga hadithi ndiyo kazi inayonilisha. Nimezifunga nyingi, nyingine bila kuzipenda. Lakini nilimwambia kwamba aliyeianza ndiye huifunga, na kwamba aliyeianza yuko Kisumu Ndogo pale pale, anachambua omena, anaugua magoti kidogo. Baba alitazama viatu vyake karibu na mlango. Alisema mbingu imefunga, huenda ikanyesha.

Nje jua lilikuwa linawaka. Tangu siku hiyo, kila nikienda kumtembelea mama, hupita kwanza mlangoni kwa baba na kumwambia ninakoelekea. Huniuliza kama barabara ina matope. Nikimwambia imekauka, hunipa salamu nimpelekee, na hurudi kuketi.