Pamba Masikioni mwa Mwanangu
Binti yangu alikuwa na miaka sita kichwa kilipoanza kumuuma kila asubuhi na kumtapisha. Hospitali ya Dar es Salaam wakataka kumpiga picha ya kichwa kwenye ile mashine kama mtungi, ambamo mtu hulala zaidi ya nusu saa bila kutikisika. Mara ya kwanza walimlaza kwa nusukaputi. Hata picha haikupigwa. Midomo ilimgeuka rangi, pumzi ikakatika, watu wakaanza kukimbia, mimi na mama mkwe tukasukumwa nje. Alizinduka, alhamdulillah, lakini daktari aliniambia waziwazi kwamba kumlaza tena vile ni hatari. Alale mwenyewe, bila dawa. Akitikisika hakuna picha, na bila picha hawajui wanatibu nini.

Nesi mmoja akanielekeza nimzoeze nyumbani: nimlaze mahali pembamba, nimzibe masikio, nimpigie kelele. Akanirushia kwenye simu mlio wa mashine yenyewe. Nikarudi Bagamoyo, nina wiki mbili tu.

Mimi si mtu wa kuambiwa mara mbili. Nikamwingiza mtoto uvunguni mwa kitanda, nikamtandikia shuka jeupe kwa kuwa ndilo lililokuwa safi, nikamziba masikio kwa pamba, nikamfunga kitambaa toka kidevuni hadi utosini ili kichwa kisicheze. Mikono nikainyoosha ubavuni. Siku ya tatu akaweza dakika kumi. Nikajisifu peke yangu, mjinga mimi.

Sasa, mama mkwe ndiye anayeosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Siku hiyo alikuwa ametoka msibani Kerege, kuosha. Akaingia chumbani, akainama kutafuta kandambili zake, akamwona mjukuu wake. Kwa yowe alilopiga, majirani waliingia mpaka uani.

"We mwanamke! Unamkafini mtoto mzima?"

Wallahi, mpaka hapo sikuwa nimeona. Pamba, kitambaa cha kidevu, shuka jeupe. Nilikuwa nimemtengeneza mwanangu kama mtu wa kwenda kuzikwa, kwa mikono yangu hii. Halafu nikapandisha hasira, maana mimi nikiogopa hugomba.

"Basi mama, nipe wewe njia nyingine! Au tumrudishe kwenye nusukaputi, safari hii asiamke?"

Akazitoa pamba zile, akazitupa nje, akaleta khanga yake nyekundu akatandika. Kisha mtu mzima yule, na magoti yake mabovu, akajisukuma uvunguni akalala yeye.

"Njoo, mke mwenzangu," akamwambia mtoto. "Ukitikisika kwanza, babu nakunyang'anya."

Mtoto akacheka, akaingia. Wakawa wanalala bega kwa bega kila siku baada ya adhuhuri. Mimi nilikaa kitandani juu yao nikisikiliza kimya chao chini ya ule mlio wa simu, na sikukipenda hata kidogo. Kila mara nilikuwa nainama kuangalia kama vifua vinapanda na kushuka.

Siku ilipofika nikavua bangili, pini na hereni, maana chuma hakiingii kwenye mashine ile, wakaniruhusu nikae chumbani nimshike mguu. Mashine ikagonga kama watu wanavunja ukuta. Hakutikisa hata kidole. Mguu ulikuwa wa baridi. Nikawa namwomba Mungu mguu usitikisike, na papo hapo namwomba utikisike kidogo tu nijue mwanangu yupo. Alipotolewa, neno la kwanza akauliza kama amemshinda bibi.

Alasiri daktari akatuita. Akasema picha imetoka safi kabisa, na mtoto amefanya kazi inayowashinda watu wazima. Mama mkwe akatabasamu. Daktari hakutabasamu. Akaigeuza kompyuta yake upande, tusiione, akamwomba bibi amtoe mtoto nje kidogo akamnunulie juisi.

Mama mkwe akaniangalia. "Twende, mke mwenzangu," akamwambia mtoto. Wakatoka wameshikana mikono, nami nikaufunga mlango mwenyewe.