Jibu la Wiki Mbili

Mara ya kwanza Dada Mapema alipoingia kwenye ua wa milango, alitaja pesa yote aliyokuwa nayo hata kabla hajakaribishwa kukaa. Mwenye ua, ambaye soko zima lilimwita Mzee Milango, alimkodolea macho. Miaka ishirini na sita alikuwa akinunua milango na madirisha ya nyumba zinazobomolewa, akiyakwangua rangi, akiyatia bawaba mpya na kuyauza tena, na hakuwahi kukutana na mteja anayeanza na bei yake ya mwisho.

Dada Mapema alitaka mlango wa mbao nzito usio na kioo. Chumba alichopewa kule zahanati kilitazama kituo cha mabasi, na kila kijana aliyeletwa pale alionwa na abiria wote. Alikuwa ameomba na kupewa ruhusa ya kutoboa ukuta wa nyuma, upande wa uchochoroni.

"Wakiweza kuingia bila kuonwa watakuja mapema," alisema, "na ugonjwa huu wa akili ukiwahiwa mapema ndiyo nusu ya dawa."

Mzee Milango alichukua pesa yote bila kumpunguzia hata kidogo. Halafu roho ikamsuta, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akamwongezea kitasa cha bure.

Huyo dada zamani alikuwa msusi. Kaka yake alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo akiwa na miaka kumi na tisa, na familia ikangoja miaka sita hali ile ipite yenyewe. Haikupita. Baadaye zahanati ilipotafuta mtu wa kuzunguka mitaani, aliweka vitana chini akaenda kusomea kazi hiyo. Alipita kwa kinyozi, gereji, uwanja wa mpira, kila mahali maneno yale yale: kijana aliyekuwa mzima akianza kukesha, kujitenga, kuhisi anafuatwa au kujibizana na asiyeonekana, msimcheke wala msimfunge kamba, niiteni. Ndiyo maana wakamwita Mapema. Kinyozi hakuchoka kumuuliza mbona leo amechelewa, naye alicheka kila mara kama ni utani mpya, akavuta benchi akaketi.

Mzee Milango alikuwa na binti wa mwisho, miaka ishirini, ambaye ndiye aliyekuwa macho ya biashara. Ungemwonyesha tundu la ukutani, akakuambia mlango upi utaingia na upi utataka kupigwa randa, kisha tepu ikaja kumthibitisha. Basi binti huyo akaanza kutega sikio kwenye milango. Alisema watu wa zile nyumba zilizobomolewa hawajahama, wamebaki nyuma ya mbao, na wanamtaja jina. Baba alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, alipoteza Jumapili nzima akigeuza milango yote itazame ukuta, kana kwamba ubaya ulikuwa kwenye upande.

Mkewe alitaka Dada Mapema aitwe. Mzee akakataa. Kulikuwa na familia ya watu iliyokwisha kuleta maneno ya posa, na binti akishaandikwa kwenye daftari la wagonjwa wa akili, nani atarudi kumuulizia? Ilipotimia miezi saba, mke hakuomba tena ruhusa. Alikwenda mwenyewe, akarudi naye.

Dada Mapema alikaa sakafuni na binti karibu saa nzima, wakiongea kidogo sana. Kisha akatoa kadi, akamgeukia mzee.

"Baba, hali hii ina muda gani?"

Mzee Milango alisikia swali hilo kama alivyosikia maswali yote maishani. Mtu akikuuliza utatoa ngapi, unaanzia chini. Yeye atashangaa, atapandisha, utalalamika kidogo, na mtakutana panapostahili.

"Wiki mbili," alisema.

Mkewe alimwangalia, akameza maneno, maana hakuzoea kumkosoa mumewe mbele ya mgeni. Na Dada Mapema hakushangaa wala hakupandisha. Aliandika wiki mbili.

Asichokijua mzee ni kwamba daktari wa magonjwa hayo alifika zahanati mara moja kwa mwezi na kuona wagonjwa wanane tu. Waliougua zaidi ya miezi mitatu walitangulia. Wa wiki mbili walitembelewa nyumbani, wakasaidiwa kulala na kula, wakaangaliwa kwanza. Na Dada Mapema alikuwa na mwiko mmoja: kutomhoji mzazi mara mbili. Alikwisha kuona kwamba familia ikitiliwa shaka haifungui tena.

Alipokuja safari ya pili, mzee alijaribu kumsogezea. Akasema akikumbuka vizuri, siku ile ulikuwa mwezi hivi. Safari ya nne akafika mwezi na nusu. Alikuwa anapanda ngazi moja moja, akingoja mwenzake amvute juu, na mwenzake alikata namba ya zamani, akaandika mpya, akamshukuru.

Wiki kumi zilikatika namna hiyo. Binti akaacha kula chochote kilichopitishwa mlangoni, na chakula gani hakipiti mlangoni? Hapo mama alimkimbilia Dada Mapema hadi nje ya geti, akamwambia ilikuwa miezi saba kabla hajakanyaga pale. Dada Mapema alitoa kadi, akaiegemeza ukutani, akakata namba ya tatu. Kisha akaandika miezi saba, na kesho yake asubuhi binti akapelekwa hospitali kubwa kwa pikapu ile ile ya kubebea milango, mama ameshikilia kichwa chake.

Daktari wa huko hakumlaumu mtu. Alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba yasingetokea, ila nafasi ilikuwa nzuri zaidi mwanzoni, na sasa kazi itakuwa ndefu. Watu wa posa walisikia, wakaacha kupokea simu.

Kule zahanati nako hesabu ya kazi ikaja. Wakubwa wa zahanati waliiona kadi yenye namba tatu zilizokatwa na ya nne imeandikwa siku moja kabla ya mgonjwa kuzidiwa na kusafirishwa. Wakamwita Dada Mapema wamuulize kama alizembea, akaja kuipaka rangi kadi ili kuficha kosa. Alikwenda uani kwa Mzee Milango.

"Baba, ukisema wewe wataelewa."

"Niseme nini hasa?"

"Muda wenyewe. Basi."

Mzee alikwenda, shati limepigwa pasi. Mkewe alikuwa wodini, hakuitwa. Nyuma ya meza walikaa watatu, na mmoja wao alikuwa mteja wake wa madirisha. Wakamuuliza hadi siku ya kupelekwa hospitali, binti alikuwa ameugua muda gani. Akasema miezi mitatu.

Alingoja wabishe. Hawakubisha. Walijumlisha tu: wiki mbili za mwanzo na wiki kumi za kutembelewa ni miezi mitatu kamili. Kwa hiyo mzazi alisema kweli tangu siku ya kwanza, na ile miezi saba ilikuwa ya kutungwa. Wakamshukuru kwa kuja.

Dada Mapema alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Alimsikiliza mzee akisimulia aliyoyasema ndani, akauliza swali moja.

"Wamekuuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja," alirudia, akaanza kukusanya makaratasi yake.

Mzee alisema anarudi ndani kuwaambia. Akasimama, akaketi, akasimama. Wale watatu wakatoka wakiongelea chakula cha mchana, yule wa madirisha akampungia mkono, naye akaupunga wake.

Dada Mapema alihamishiwa stoo, anapanga glovu na sindano. Hakuletwa mwingine wa kuzunguka, na chumba chake kimejaa viti vibovu. Mzee Milango alichopata ni kwamba hadi leo sokoni hakuna ajuaye ilikuwa miezi mingapi. Binti yuko nyumbani. Dawa zimepunguza sauti, hazikuziondoa, na ukimwonyesha tundu la ukutani anakuuliza la nini. Mama yake akimsemesha, humjibu neno moja moja. Baba yake akimsemesha, hamjibu.

Mkewe hajawahi kumlaumu. Angemlaumu wangebishana, na kwenye kubishana mzee angepata pa kuanzia kusema kweli.