Kamba za Mwalimu Kanyiva

Mwalimu Kanyiva hakuwa na cheti chochote cha ualimu. Cheo hicho alipewa na kanisa, kwa kuwa kila mtoto wa soko la Kamumoni, mimi nikiwemo, alipitia mikononi mwake katika shule ya Jumapili. Alitusimulia habari za Nuhu huku vidole vyake vikisokota katani ya kiondo, na ole wako ucheke. Alikuona hata akiwa amekupa mgongo.

Nyumba yake ya udongo ilikuwa upande wa chini wa kalvati, pale barabara inapovuka mto wetu wa mchanga. Ni mto mjanja. Hukauka miezi mingi hadi watu wakausahau, halafu mvua ikinyesha milimani, maji hushuka ilhali kwetu jua linawaka. Kila ulipofurika, Kanyiva alingoja maji yapungue, akateremka hadi yalipoacha takataka, kisha akavuta kamba ya katani kutoka hapo mpaka kizingiti cha mlango wake. Aliikata, akafunga kitambaa chenye mwaka, akaitundika ukutani. Fupi kuliko zote ilikuwa ya El Nino, hatua kumi na mbili. Maji hayakuwahi kumkaribia zaidi ya hapo.

Hata hivyo, kwenye ramani ya mji nyumba yake ilikuwa ndani ya mstari mwekundu wa eneo la mafuriko, na ndani ya mstari huo hakuna ruhusa ya kujenga nyumba ya kudumu. Matofali aliyoyachoma pamoja na akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, yalikaa chini ya mabati mabovu miaka kumi na moja.

"Ben," aliniuliza kila Jumapili mlangoni pa kanisa, "hiyo laini yako itasonga nikiwa hai ama nikiwa kwa kaburi?"

"Itasonga, mwaitu," nilimjibu, nikitumia neno letu la kumwita mama. Nilikuwa karani wa mipango ya mji. Nilicheka naye, lakini swali lile liliniuma.

Mwaka jana kalvati ya zamani, mabomba mawili membamba yaliyojaa mchanga, iling'olewa. Ikajengwa mpya ya zege, pana kiasi cha lori kupita chini yake. Ramani ikabidi ichorwe upya, na kazi nikapewa mimi. Mtaalamu wa kupima mto alikuwa hajapatikana. Ningeweza kumngojea, lakini sikumngojea. Niliita mkutano kanisani ili wenyeji waseme maji hufika wapi.

Kanyiva alikuja na kiondo. Alizitoa kamba zake moja moja, akazilaza mezani akitaja mwaka wa kila moja, na watu wakapiga makofi. Nani angemshuku? Kanisa zima lilijua kwamba mama yule hajui kudanganya.

Ndipo Nzau akasimama kule nyuma. Nzau huchota mchanga mtoni, na siku nyingi jua humchwea akiwa huko huko.

"Mwalimu hadanganyi," alisema. "Lakini hizo kamba ni za mto ya zamani. Ile kalvati ilikuwa imeziba, maji inalala huko juu kwa shamba za watu. Sasa wamefungua mdomo. Itakuja yote huku chini."

Watu waliguna. Nzau alinuka kaluvu, pombe ya asali, tena asubuhi, tena ndani ya kanisa. "Kaa chini, wewe!" mzee wa kanisa alimkemea. Nami mwenye kalamu nikasema, "Asante, Nzau, tumekusikia."

Hatukumsikia hata kidogo. Maneno yale yale yangetoka kwa mtu aliyenyoa ndevu na kufunga tai, ningeyaandika na kuyapigia mstari. Sisi watu wa kanisa tuna ugonjwa huo: tunamnusa mtu kwanza, ndipo tuamue kama tutamsikiliza. Mimi nilikuwa na sababu nyingine pia. Nilitaka kuwa mtoto aliyempa mwalimu wake nyumba.

Nikausogeza mstari. Mkubwa wangu alitia sahihi kwa sababu nilimwambia ushahidi upo. Kufikia Agosti nyumba ya matofali ilikuwa imesimama, na Kanyiva akatualika chai. Alitundika kamba zake sebuleni, ukuta wa upande wa mto.

Maji yalikuja Jumapili moja ya Novemba, tukiwa ibadani, bila tone la mvua Kamumoni. Tulisikia mngurumo tukadhani ni lori. Tulipotoka, mto ulikuwa umepita kwenye kalvati mpya bila kizuizi chochote na kutanda upande wa chini wote, hadi ndani ya nyumba ya mwalimu. Namshukuru Mungu kwamba Kanyiva alikuwa nasi, akifundisha watoto. Ukuta wa upande wa mto ulianguka tukiutazama, ukaenda na kamba zote. Nzau ndiye aliyeingia majini hadi kifuani kumtolea mwalimu mbuzi wake wawili. Mimi nilisimama tu kando na Biblia mkononi.

Siku ya tatu nilimfuata Kanyiva kwa bintiye, Mwongeli, alikohifadhiwa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha. Nilijuta, na ninajuta hadi leo. Alinikaribisha kiti, akaendelea kusokota katani.

"Ulikata kamba ya mwaka huu, mwaitu?" niliuliza badala ya kuomba msamaha.

Vidole vyake vikatulia. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nikate kamba gani, Ben?" alisema. "Mimi hupima kutoka kwa maji mpaka kwa mlango."